Umeshusha gari? Pima magurudumu kabla ya kubeba mzigo

UKIPITA kwenye gereji za Mbarara utakuta magari ya aina mbili yaliyokaa karibu na ardhi. Aina ya kwanza yameshushwa kwa makusudi. Kijana amekata springi, au amenunua fupi, ili gari lionekane la mashindano. Aina ya pili yameshuka yenyewe. Yamebeba magunia ya mahindi na maharage na mikungu ya ndizi za Isingiro kwa miaka mingi hadi springi zimechoka. Mwenye gari la kwanza hujisifu, mwenye la pili hulalamika, lakini barabarani magari hayo yana ugonjwa mmoja: magurudumu yameacha kutazama kule yalikotengenezwa yatazame.

Jambo hili linawahusu sana wafanyabiashara wa mpakani na watu waliorejea makwao ambao bado wana ndugu na wateja upande wa pili. Gari la mtumba hupita mikono mingi. Kijana aliyelishusha akilichoka humwuzia mtu wa Nakivale anayetaka kupeleka mazao sokoni, au mrejeaji aliyekusanya akiba yake yote ili aanze maisha kwa gari moja. Mnunuzi hukagua rangi, husikiliza injini, hufungua redio, kisha hulipa. Haangalii chini. Lakini wazee walishasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Baada ya miezi michache, matairi ya mbele huwa yamelika upande wa ndani hadi nyuzi za chuma zinaonekana, na upande wa nje bado una kashata nzuri. Dereva aliyesimama kando hauoni ule upande wa ndani. Akibahatika, hasara ni ya fedha tu. Asipobahatika, tairi hupasuka akiwa na abiria na mzigo, na mvua inanyesha.

Njia za kwetu na magari ya kwetu

Nakivale ni makazi ya siku nyingi. Wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa huko mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo wamefuata wengine kutoka Congo, Burundi, Somalia, Ethiopia na Eritrea. Sokoni Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Makazi hayo yako katika Wilaya ya Isingiro, ambayo hadi 2005 ilikuwa sehemu ya Mbarara. Mbarara yenyewe ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, nayo ndiyo mahali ambapo watu wa eneo lote hilo hufuata vipuri na mafundi.

Kutoka Mbarara kuna lami inayokwenda Kikagati, mtu avuke Mto Kagera kuingia Murongo, Tanzania. Kwa anayekwenda Rwanda, kuna Mirama Hills na Kagitumba, na kuna Katuna, mpaka uliofungwa mwaka 2019 na kufunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Kwa hiyo gari moja laweza kupita katika wiki moja juu ya lami laini, matuta ya vituo vya biashara, na barabara za udongo ndani ya makazi zenye mashimo na makorongo. Gari lililoshushwa halikutengenezwa kwa safari ya namna hiyo.

Tena magari yenyewe ni ya umri mkubwa. Sheria ya Uganda ya 2018 ilizuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini yale yaliyoingia zamani hayakuondolewa barabarani. Carina, Corona, Premio na Noah zilizofanya kazi Japani, kisha zikafanya kazi Kampala, ndizo zinazomalizia maisha yao kwenye njia hizi. Bushi zake zimelegea, springi zimelala, na mwenye gari anapoongeza kulishusha anamzidishia mgonjwa maradhi.

Kwa nini kushusha kunapotosha magurudumu

Gurudumu la mbele halikushikiliwa na kitu kimoja. Chini kuna mkono ambao mafundi huuita wishboni au kontroo ami. Juu kuna shokapu na springi yake. Kando kuna tairodi inayotoka kwenye reki ya usukani, ndiyo inayolielekeza gurudumu kulia au kushoto. Mkono wa chini na tairodi vyote huzunguka kwenye kiungo chake, kama bawaba ya mlango, lakini havina urefu sawa wala havikuanzia mahali pamoja.

Jaribio dogo la darasani litaonyesha maana yake. Chukua vijiti viwili vyenye urefu tofauti, vipigilie msumari ukutani upande mmoja, kila kimoja mahali pake, kisha inua ncha nyingine za vyote viwili kwa kiasi kilekile. Utaona ncha hizo hazikusogea sawa kwenda ndani. Moja imesogea zaidi ya nyingine. Ndivyo inavyokuwa gari linaposhuka. Mkono wa chini unalivuta gurudumu kwa kiasi chake, tairodi inalivuta kwa kiasi chake, na gurudumu linageuka ingawa hakuna aliyegusa usukani.

Vipimo vinavyoharibika ni vitatu. Cha kwanza ni mwelekeo. Magurudumu mawili yakikaribiana mbele kuliko nyuma, mafundi husema ni toini. Yakiachana mbele, ni toauti. Cha pili ni mlalo, ambao mafundi huuita kemba: ukisimama mbele ya gari unaona kama gurudumu limesimama wima, au kichwa chake kimelala ndani au nje. Cha tatu ni kasta, yaani jinsi mhimili ambao gurudumu linageukia ulivyoegemea nyuma likitazamwa kwa ubavuni. Kasta ndiyo inayorudisha usukani wenyewe baada ya kukata kona.

Kwenye gari kama Premio au Noah, ambalo shokapu yake ya mbele imesimama ndani ya springi, kulishusha kidogo hulaza kichwa cha gurudumu ndani. Mwelekeo nao hubadilika, ndani au nje kutegemea reki ilivyofungwa. Kichwa kikilala ndani, na magurudumu yakawa yameachana mbele, upande wa ndani wa tairi hauna pa kukimbilia. Utaliwa.

Hesabu ya milimita tatu

Wengi hupuuza kwa sababu kosa lenyewe ni dogo, halionekani kwa macho. Basi tulipigie hesabu. Chukua tairi lenye kipenyo cha takribani sentimita 60. Tuseme limekengeuka milimita 3 tu, yaani ukingo wake wa mbele uko nje milimita 3 kuliko ukingo wa nyuma. Gawa milimita 3 kwa milimita 600, unapata 5 kwa 1,000. Maana yake ni kwamba kila mita 1,000 gari linazokwenda mbele, tairi hilo linaburuzwa mita 5 kwa ubavu.

Safari ya kilomita 100 ni mita 500 za kuburuzwa. Mtu akikuambia ufunge tairi lako kamba na kulikokota kwa ubavu nusu kilomita juu ya lami kila siku ya soko, utamwona amerukwa na akili. Lakini gari lililoshushwa bila kupimwa linafanya hivyo hivyo, na petroli ya kukokotea unanunua wewe.

Ndiyo sababu kununua matairi mapya kwanza na kupima baadaye ni kutupa fedha. Tairi jipya halitibu mwelekeo mbaya; linakuwa chakula kipya tu. Tuseme tairi lililopaswa kwenda kilomita 40,000 limekwisha kwenye 10,000. Wewe uliyedhani umelipia tairi moja, kwa kazi ileile utalipia manne.

Amua kimo kwanza

Swali la kwanza kabla ya spana yoyote ni hili: gari hili litakaa kwenye kimo gani? Alaimenti hufanywa kwa kimo fulani. Ukipima leo, kesho ukabadilisha springi, kazi ya leo imekwisha thamani.

Kwa gari la biashara jibu lililo bora ni kulirudisha kwenye kimo cha kiwandani kwa springi zinazolingana na gari hilo, na kuzibadilisha mbili mbili, kushoto na kulia pamoja. Springi moja mpya na moja ya zamani hulaza gari upande mmoja. Vipande vya mpira vinavyopachikwa katikati ya mizunguko ya springi ili kuliinua gari ni dawa ya kutuliza maumivu tu: huzuia mizunguko michache isifanye kazi na kuitwika mingine mzigo wote.

Kama springi zimekatwa, usizihurumie. Zikikatwa kwa moto, chuma hupoteza ugumu wake mahali palipochomwa. Hata zikikatwa kwa msumeno, mizunguko ikipungua springi huwa ngumu zaidi: kati ya mizunguko 6 inayofanya kazi ukiondoa 1, ugumu huongezeka kwa asilimia 20. Wakati huohuo nafasi ya kucheza imepungua, hivyo gari likibeba mzigo hugonga mipira ya kuzuia kwenye kila tuta. Baya zaidi, gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi fupi yaweza kuachana na kikalio chake na kurudi ikiwa imekaa vibaya.

Anayetaka gari lake libaki chini kwa kuwa ni la kutembelea tu, na atumie springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Kisha afuate hatua zifuatazo bila kuruka hata moja.

Hatua za kazi

Kwanza ni kukagua vilivyolegea. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya vigingi imara, kamwe usitegemee jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, tafuta bering au bol jointi iliyokufa. Kisha lishike kushoto na kulia, ulitikise tena. Likicheza sasa, tazama ncha za tairodi au reki. Kupima gari lenye viungo vilivyolegea ni sawa na kupima nguo ya mtoto anayekimbia: kipimo utakachoandika hakitakuwepo akisimama.

Pili ni bushi. Hapa ndipo wengi hukosea baada ya kushusha au kuinua gari. Bushi nyingi za mpira za mkono wa chini zimeshikwa na bolti katikati, na mpira wake hujipinda kila mkono unapopanda na kushuka. Bolti hizo zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira utabaki umejisokota saa zote, utachanika mapema, na gari halitakaa kwenye kimo chake halisi.

Tatu ni maandalizi. Jaza upepo sawasawa katika matairi yote. Hakikisha matairi ya mbele ni ya saizi moja na yamelika kwa kiasi kinachofanana. Lisukume gari mbele na nyuma mita chache na ulibonyeze mara kadhaa ili springi zitulie. Kama gari husafiri na mzigo kila siku, mweleze fundi. Vitabu vya watengenezaji hutaja hali ya gari wakati wa kupima, na fundi mzuri ataamua jinsi ya kukisia mzigo wako.

Nne ni mpangilio wa marekebisho. Huanzwa nyuma, kisha mbele. Mbele huanzwa na kasta, ikifuatwa na kemba, na mwelekeo huwa wa mwisho. Sababu ni kwamba ukigusa kemba unasogeza mwelekeo, lakini ukigusa mwelekeo kemba haibadiliki kwa kiasi cha kutisha. Fundi anayeanza na tairodi na kumaliza na tairodi bila kutazama kemba ya gari lililoshushwa amefanya nusu ya kazi.

Magari mengi ya shokapu za kusimama hayakupewa sehemu kubwa ya kurekebisha kemba. Kuna bolti maalumu zenye tumbo, zinazochukua mahali pa bolti mojawapo kati ya mbili zinazofunga shokapu kwenye stabu ya gurudumu; ukiizungusha, gurudumu linasimama au linalala kwa digrii moja hivi. Kutoboa matundu yawe marefu kwa msumeno au moto si kazi ya kukubali, kwani bolti ikiteleza kwenye shimo gurudumu hubadilika ghafla.

Nyuma, gari likiwa na ekseli moja iliyounganika, kama Noah na Premio nyingi za kuendeshwa na magurudumu ya mbele, hakuna bolti ya kurekebisha. Vipimo vikiwa vibaya mno, ama hub imepinda ama ekseli imepinda. Kwa Hiace za kuanzia 2004, mbele kimo hurekebishwa kwa bolti za tosheni baa, na kila ukizigusa alaimenti imekufa papo hapo. Nyuma kuna springi za mabamba. Bolti yake ya katikati ikikatika, ekseli husogea na gari hutembea ubavu kama mbwa.

Uzi na rula panapokosekana mashine

Si kila mahali kuna mashine. Aliye mbali na mji anaweza kupata kipimo cha kumfikisha salama kwa uzi wa waashi, vigingi vinne na rula ya chuma. Weka gari mahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka. Tandaza uzi mmoja kila upande wa gari, usawa wa katikati ya magurudumu. Pima kutoka uzi hadi katikati ya hub, mbele na nyuma, usogeze uzi hadi uende sambamba na gari. Kumbuka kwamba magari mengi hayana upana sawa mbele na nyuma, hivyo nyuzi mbili zilingane kushoto na kulia, si lazima hub ya mbele na ya nyuma ziwe na namba moja.

Kisha pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na hadi ukingo wake wa nyuma. Namba ya mbele ikiwa kubwa, gurudumu linatazama ndani. Ikiwa ndogo, linatazama nje. Kwa kemba, ning'iniza timazi mbele ya rimu na upime juu na chini. Kwenye rimu ya inchi 15, tofauti ya milimita 6 au 7 ni digrii moja. Pembe ileile tuliyojifunza kwa kuchora mchangani, shule zikiwa chini ya miti, ndiyo hii.

Ukirekebisha tairodi, legeza nati ya kufungia, zungusha kushoto na kulia kwa kiasi kinacholingana ili usukani ubaki katikati, sukuma gari, pima tena. Gari nyingi ndogo hutaka mwelekeo ulio karibu na sifuri, tofauti ya milimita moja au mbili tu, lakini kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Ukifika mjini, peleka kwenye mashine.

Kwenye mashine uliza haya

Omba karatasi mbili, ya vipimo kabla na ya vipimo baada. Uliza kama wamepima magurudumu yote manne au ya mbele tu. Uliza kipimo kipi kimekataa kurudi na kwa nini. Usichanganye alaimenti na balansi: usukani unaotetemeka kwenye mwendo wa 80 au 100 kwa kawaida unataka balansi, lakini gari linalovuta upande mmoja, au usukani uliopinda wakati gari linakwenda moja kwa moja, unataka alaimenti.

Wavukaji mpaka wawe na uangalifu wa ziada. Uganda, Tanzania na Kenya tunaendesha kushoto; Rwanda, Burundi na Congo ni kulia. Barabara huinuka katikati ili maji yamwagike pembeni, kwa hiyo Uganda gari huelekea kuteremkia kushoto, na Rwanda huelekea kuteremkia kulia. Fundi aliyeweka tofauti ndogo ili gari lisivute kushoto huku, amelifanya livute zaidi kulia kule. Anayeishi pande zote mbili aombe vipimo vilivyo sawa kushoto na kulia, na alijaribu gari mahali tambarare. Likivuta bado, badilishaneni matairi ya mbele: uvutaji ukihamia upande wa pili, mwenye kosa ni tairi.

Usisahau taa. Mizigo ikilaza nyuma ya gari, pua huinuka na taa humpiga machoni anayekuja. Pua ikishushwa, taa humulika miguuni mwako na shimo unaliona ukiwa umeshafika. Kimo kikibadilika, taa nazo zipangwe upya.

Baada ya kilomita mia chache rudi upimwe tena, kwani springi mpya hutulia. Na wewe unayekwenda kununua gari, kabla ya kutoa fedha kata usukani hadi mwisho, inama, pitisha kiganja upande wa ndani wa tairi, kulia na kushoto. Ukikuta ni laini kuelekea upande mmoja na inakwaruza kama meno ya msumeno kuelekea upande mwingine, au ukikuta upara, umeshajua gari hilo lina deni. Deni hilo lipunguzwe kwenye bei, au mwenyewe alilipe kabla hujalichukua.